Mkono Ulioniponyoka

Hosteli ya Watembeaji,
Chumba cha ghorofani, upande wa mlimani.
Jumanne, alasiri.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Kabla hujaenda mstari wa pili, jua kwamba mdogo wetu yu hai. Yuko chini sebuleni, mguu juu ya kiti, anamweleza mwenye hosteli kwa nini kinyozi wake anamharibia kichwa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Ukiona mwandiko wangu umepinda namna hii, utaruka mistari kutafuta neno baya.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo wewe? Shemeji je, mgongo umetulia tangu wambadilishie zamu? Na wanangu hawajambo? Yule wa mwisho bado anaogopa lifti? Mwambie asione haya. Mama yake mdogo siku hizi anaogopa hata bomba la bafuni. Kwa mwili mimi ni mzima. Mikono ndiyo haijanirudia sawasawa, hii ni karatasi ya tatu.

Unakumbuka ulivyotucheka tulipokwambia tunakwenda kutembea milimani mwezi mzima, mashanta mgongoni. Ulisema mmoja kinyozi, anasimama kutwa, mwingine mwalimu wa udereva, anakaa kutwa, mtafika wapi? Tulifika mbali, dada. Wiki ya kwanza nililia kwa malengelenge. Ya pili nikaanza kuamka kabla ya jua nikiwa na hamu ya njia. Sikujua kama miguu hii ina kazi nyingine zaidi ya kukanyaga breki.

Huko njiani watu hawaulizani majina. Ukitembea nao siku mbili wanakubatiza. Mdogo wetu alipewa jina la Redio, huhitaji maelezo. Mimi wakaniita Breki, maana kwenye kila mteremko mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga hewa, kama nilivyozoea garini na wanafunzi.

Tukashikamana na wawili. Kuna Fundi, mtu wa mabomba, mwembamba, hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hufikiri kwanza. Na kuna Sufuria, mama aliyestaafu upishi wa shule. Amebeba chungu cha kulisha darasa zima kwa sababu, anasema, kupika kidogo hakujui. Siku moja nilishangaa shanta langu limekuwa jepesi. Kumbe Fundi alihamishia hema letu kwake tulipokuwa tunakunywa chai, wala hakusema neno. Sufuria ndiye aliyenitoboa malengelenge na kunifunga vidole, huku akinisema kama mwanawe. Nilikuwa nao wiki tatu nikahisi ni ndugu niliozaliwa nao.

Basi ndio hao niliokuwa nao tulipofika mtoni.

Mto wenyewe si mkubwa. Watu waliotutangulia walituambia maji ni ya kifundo cha mguu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu, tukakuta maji ya rangi ya udongo, yanaunguruma kama lori linalopanda kilima. Hatukuwa wajinga, dada, nakuomba ulishike hilo. Tulipiga hema, tukalala ng'ambo ya huku. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka, mawe ya katikati yanaonekana. Fundi akayapima kwa fimbo, akaingia, akarudi. Akasema magotini tu, tunaweza. Hakuna aliyebisha, hata mimi ambaye maji ya beseni yananitosha.

Mkivuka mto hivyo mnafungua mkanda wa shanta kiunoni, ili likivutwa na maji uweze kulivua. Kisha mnapitisha mikono, kiwiko ndani ya kiwiko, mnakwenda kama mtu mmoja. Fundi mbele, Sufuria anafuata, mimi, kisha mdogo wetu nyuma. Alikuwa anatuchekesha njia nzima. Akasema tukifika salama atatunyoa bure sote, na Sufuria akamjibu kwamba nywele zake yeye zimebaki chache, hata hiyo bure ampunguzie nusu.

Fundi alikuwa ameshakanyaga changarawe za ng'ambo. Sikuliona gogo. Nililisikia likimgonga mdogo wetu, sauti ya mlango unaofungwa na upepo. Mkono wangu ulivutwa nikadhani bega limetoka. Maji yakanipanda kifuani. Halafu uzito ukaondoka, na mkono wangu ukawa mtupu.

Hapo ndipo naanza kila nikifumba macho. Mkono mtupu. Sijui kama nilimwachia. Ninajiuliza na kujijibu, na jibu linageuka kila mara. Kazi yangu miaka yote hii ni kukaa pembeni ya mtu anayekosea na kukanyaga breki kabla hajaumia. Siku hiyo aliyekaa pembeni yangu alikuwa damu yangu, na breki sikuiona.

Sufuria alinivuta mpaka ukingoni kwa nguvu sijui alizitoa wapi. Fundi alishatupa shanta, anakimbia na ukingo, anaruka mawe. Mimi nilikuwa napiga kelele lakini sikujisikia. Chini kidogo mto unapinda, na kuna mti ulioangukia majini. Shanta la mdogo wetu lilinasa kwenye matawi yake, naye alikuwa ameng'ang'ania kamba moja, kichwa kinatoka na kuzama. Fundi aliingia mpaka shingoni. Nilimwona akizama pia, nikasema sasa ni wawili. Akaibuka amemshika ukosi.

Nilidhani yaliyo mabaya yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Maji yale yanatoka kwenye barafu. Mdogo wetu alitetemeka mpaka meno yakagongana, mguu wake umechanika na hata hajui. Alitaka kufanya mzaha, ulimi ukawa mzito kama wa mlevi. Kisha akaacha kutetemeka. Nikafurahi, nikamwambia Sufuria kwamba amepata nafuu.

Sufuria aliniangalia usoni, akasema taratibu, "Hapana, Breki. Akiacha kutetemeka ndipo pa kuogopa. Mvue nguo zote, upesi."

Tulimvua nguo zilizoloa, tukamvika kila kikavu tulichokuwa nacho, soksi zangu, sweta la Sufuria lenye maua. Tukafungua mifuko miwili ya kulalia tukaiunganisha zipu, tukamweka katikati ndani ya hema, nikalala upande mmoja na Sufuria upande wa pili, tumembana kama kitu cha kuatamia. Fundi, naye akiwa ameloa na anatetemeka, alibadili shati, akameza kipande cha sukari, akaondoka kwenda kituo cha walinzi wa msitu nyuma ya kile kilima, kwa kuwa simu zetu hazikushika mtandao. Sikumshukuru. Nilimwambia akimbie tu.

Dada, nakuandikia usichowahi kukisikia. Mdogo wetu alinyamaza. Yule mtoto aliyeongea hata usingizini, hata kanisani, hata akichomwa sindano. Alikuwa baridi kama sahani. Baadaye akafungua macho, akanitazama, akaniita Mama. Akaniuliza, "Mama, mbona taa zimezimwa?" Nje kulikuwa na jua kali, dada. Adhuhuri.

Sikujua nimjibu kama mama au kama dada. Nikamwambia zitawaka sasa hivi, mwanangu.

Niliogopa hofu ambayo sikuwahi kuifikiria kuwa ipo. Si ile ya kupiga kelele. Ni ile ya kuhesabu pumzi za mtu, ukiomba inayofuata isichelewe. Niliwaza namna nitakavyofungua mlango wa nyumbani, Baba akinitazama nyuma yangu kuona nani mwingine anaingia. Niliwaza simu yako ikilia huko kwenu usiku.

Sufuria hakuacha kuzungumza naye. Alimweleza jinsi ya kupika wali wa watoto mia mbili usishike chini. Kisha akamwambia jinsi ya kuuokoa ukishika. Naona alimaliza vyakula vyote vya shule. Na katikati ya maharage, mdogo wetu akaanza tena kutetemeka. Hapo Sufuria ndipo alipolia. Mdogo wetu alitetemeka mpaka hema likatikisika, nasi tukamshikilia tunacheka na kulia, na alipoweza kumeza tukampa maji ya moto yenye sukari kwa kijiko.

Fundi alirudi na walinzi na machela jua likiwa bado juu. Hakuja ndani. Alikaa nje ya hema, kichwa magotini, mpaka Sufuria akatoka akamfunika blanketi.

Nesi wa hapa amemshona mguu, anasema moyo na mapafu ni salama. Vidole viwili vya mguu bado havina hisia. Ijumaa tunapanda basi kurudi nyumbani. Fundi na Sufuria wamebakiza theluthi ya njia, lakini wamekataa kuondoka mpaka tupande basi. Kila asubuhi Fundi anapita mlangoni, anamtazama mdogo wetu anavyopumua, kisha anakwenda kunywa chai. Anadhani simwoni.

Na huyu mdogo wako anacheka tu. Ameshawasimulia watu wote hapa kwamba alilala katikati ya wanawake wawili na hakumbuki chochote. Anasema maji yalikuwa mazuri, kaoga bure. Juzi nilijikaza nikamwuliza kuhusu mkono. Nani alimwachia mwenzake? Akasema mikono yetu yote ilikuwa na sabuni. Sikumwuliza tena. Ninaogopa jibu, dada, na ninaogopa kukaa bila jibu. Maji yakifunguliwa bafuni najikuta nimekamata ukingo wa kitanda.

Baba hajui. Tafadhali asijue kwa simu, nitamweleza uso kwa uso mdogo wetu akiwa amekaa pembeni yangu.

Nisalimie shemeji, umwambie asicheke sana. Wabusu wanangu wote, na yule wa lifti mara mbili. Shangazi ukimpata, mwambie maombi yake yalifika, yalichelewa kidogo tu. Mungu akulinde huko ugenini, akufunike wewe na nyumba yako, na kila unayempenda akurudie jioni.

Nimemwachia mdogo wetu nafasi hapo chini akusalimu mwenyewe. Sitaisoma, naapa, atafunga bahasha yeye.

Ni mimi nikupendaye, na ninayetetemeka bado,
Mdogo wako wa kati

Dada Mkubwa shikamoo. Ni mimi Redio, mwandiko mbaya ni wa mguu.

Hakuniachia. Alinishika mpaka kucha zake zimenikata, alama ninazo. Gogo liliponichukua nilimwona anakuja nami, maji yamemfika kifuani, na yeye hajui kuogelea. Nikaukunjua mkono wangu mwenyewe. Nikimwambia ataona namfariji, maana nimemzoesha mizaha. Wewe anakuamini. Mpigie simu umwambie.

Niliogopa sana, Dada. Naogopa hata sasa. Hilo usimwambie.