Herufi Saba za Bango

Jumatatu, 12 Mei 2025
Siku ya 37 tangu tumzike Nkirote, kifungua mimba wangu. Nimefungua poshomili, kinu chetu cha kusaga mahindi, saa moja kasoro dakika tano. Mteja wa nne akaanza, "Mama N—" akakata, akakohoa. Akamalizia, "Mama Kanini." Kanini ni mdogo wake, yuko kidato cha pili. Miaka 20 mimi ni Mama Nkirote!

Jumatano, 14 Mei
Leo wateja 11 wameniita Mama Kanini. Kumbe ni mpango! Eunice, mwenyekiti wa akina mama kanisani, amewaambia jina la marehemu litanichoma. Wamekaa kikao juu ya jina langu na mimi sikuitwa.
Lakini nitamgombeza vipi? Wakisema Nkirote, kweli linachoma. Wakisema Kanini, ni kama wanamzika tena.

Jumapili, 18 Mei
Mume wangu naye yuko upande wao. Eti hata bango la poshomili, lenye jina la Nkirote, tubadilishe. Nikamwuliza, na wewe Mutugi, utakuwa Baba nani?  Akajimiminia chai kwa kikombe kilichojaa.
Kanini alisikia. "Mathe, mimi sitaki kuwekwa mahali pake." Akaenda kulala bila kula.

Jumanne, 20 Mei
Njuki, fundi wa rangi, amekuja kupima. NKIROTE — herufi saba. KANINI — sita. "Nafasi moja itabaki, mama. Nichore ua?"
Ua!
Hilo bango Nkirote alilichora mwenyewe akiwa darasa la saba. R imelala kidogo. Nilimgombeza.
Nimemwambia Njuki aje kesho. Nimechoka kukataa.

Jumatano, 21 Mei
Mlango ni mmoja, na ngazi ya Njuki iko hapo hapo. N imeenda. K imeenda.
Ciakuthii wa Githongo amepita chini ya ngazi na gunia la mahindi. Miezi mitatu alikuwa kwa binti yake Isiolo — hajasikia kitu. "Mama Nkirote! Na yule msomi wetu, amebakisha muda gani huko chuo? Mwambie asituletee mkwe wa Embu!"
Mdomo ukajibu wenyewe. "Mwaka mmoja na nusu."
Hesabu ni sawa kabisa: angemaliza Novemba mwaka ujao.
Amekaa juu ya gunia, anacheka, anatoa ndizi za kumpelekea. Nimejifanya naandika kilo zake, 42. Kumbe ni hii shajara naandika.
Njuki ameacha brashi hewani. Ananiangalia kutoka juu, anauliza kwa sauti ndogo:
"Mama... hii I nayo nifute?"