Nyumba Uliyoitundika kwenye Jina Lako

Kaka Issa,

Sikuandikii kwa huzuni. Huzuni ipo, Mama anayo ya kututosha sote. Mimi nina hasira, na sehemu kubwa ni yako.

Jumatano tulikwenda kupokea chakula kwenye ofisi yako. Shukuru alibeba gunia tupu kichwani kama kofia. Madamu Goreti, ambaye sasa anakalia kiti chako, akaandika jina la Mama kwenye mashine, akaandika tena, kisha akasema bila kuinua macho: "Hamuko." Mama akauliza hatuko wapi. "Humu ndani. Wewe hauko, binti hayuko, mutoto hayuko." Nyuma yetu mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mama Issa, kumbe ulizikwa na mwanao? Toka basi kwenye mstari, mizimu haili maharage!" Watu wakacheka. Mama naye akajaribu kucheka. Uso ule sitausahau.

Mimi nilijua mara moja. Ni wewe.

Shule ilipofungwa kwa sababu ya vita, ulisema nisikae tu nyumbani nikigeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juani, nije nijifunze pamoja nawe kuandikisha waliokimbia. Ulisema hatusemi na majedwali ya kompyuta moja kwa moja, kuna mkalimani katikati, programu iliyo humo humo ndani. Sisi tunamweleza vitu kama tunavyovijua, Mtu, Nyumba, nani ni wa nani, naye anavigeuza kuwa majedwali na kuyafunga pamoja. Nilimpenda mkalimani yule. Mimi ninayeshindwa kumwamkia jirani bila kutazama miguu yangu, nilikuwa nimepata mahali pa kusemea.

Ukamweleza hivi: nyumba ina mkuu mmoja. Mtu ana nyumba moja. Mkuu akifutwa, wote walio chini yake wafutwe. Nikakuuliza, na Shukuru je? Mtoto wa marehemu shangazi, analala kwetu, anakula kwa bibi yake mtaa wa pili, na kote anaitwa mtoto wa nyumbani. Ukacheka. "Zaina, mashine haiwezi kubeba ukoo wetu wote. Mwandike kwetu, basi." Nikauliza, na mkuu akifa? Ukanigonga kisogoni. "Acha uchuro wewe! Watu wanakimbia pamoja. Baba akihama, nyumba nzima inahama."

Kisha ukaenda Bujumbura kununua wino wa printa. Wino, kaka! Kila mtu pale stendi alikwambia usubiri wanajeshi wafungue barabara. Ukapanda gari la kwanza. Waliowapiga risasi mlipokaribia Gitaza siwajui hata kwa sura. Hasira yangu kwao haina pa kwenda, kwa hiyo inarudi kwako.

Baada ya matanga Madamu Goreti alifanya kazi yake kwa heshima. Alitafuta jina lako, lililoandikwa kama mkuu wa nyumba yetu, akalia, akalifuta. Na sisi tukaondoka nalo, kama ulivyoagiza.

Wala si sisi peke yetu. Mke wa Ramadhani mvuvi, anayekaa nyuma ya msikiti, alifutwa mumewe alipouawa. Alidhani ofisi haitaki wajane. Hakumuuliza mtu, akaanza kuomba unga kwa majirani. Nimefungua disketi yako ya zamani nikalinganisha, na wako wengine kama yeye. Wengine, Issa!

Alhamisi nilikwenda ofisini. Nikamwambia Madamu asifute mtu tena. "Sasa mufu nimufanye nini?" akaniuliza. Nikamwomba kiti. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata mlinzi akachungulia. Madamu akainuka, akanipisha.

Nimevunja ulichojenga. Kati ya Mtu na Nyumba nimeweka kitu cha tatu, nimekiita Makazi: nani, nyumba ipi, anakaa kama nani, tangu lini mpaka lini. Shukuru ana mistari miwili, kwetu na kwa bibi yake, ila chakula chake kinatoka upande mmoja tu. Ukuu wa nyumba nao ni mstari, mwingine anaweza kuupokea. Marehemu hafutwi, anaandikwa kwamba amefariki, na mkalimani nimemkataza kumgusa mwingine yeyote. Mwanzoni alinigomea, akawa ananiletea Shukuru wawili wanaopokea chakula. Nikakutukana kwa sauti, kwa sababu hukuwepo wa kuulizwa.

Halafu ilibidi nijaribu. Nilikurudisha kutoka kwenye disketi. Jina lako, mwaka wako wa kuzaliwa. Kwa muda ulikuwa hai pale kwenye kioo, nami nikakaa nakutazama tu. Kisha mimi, mdogo wako, nikaandika kwamba umefariki. Nikabonyeza, nikafumba macho.

Nilipofumbua, Mama yupo. Shukuru yupo. Mimi nipo. Mashine ilikuwa inauliza tu ni nani sasa mkuu wa nyumba. Nikaandika jina la Mama.

Kesho wanagawa tena. Wale wajane nimewapitia mlango kwa mlango, nikabisha hodi mwenyewe, nikawaambia waje. Mke wa Ramadhani alinishika mkono asiuachie.

Lala, kaka. Bado nimekukasirikia, na sijui itaisha lini. Lakini nakuahidi, maadamu nakalia kiti hiki, hakuna mwanamke wa pwani hii ya ziwa atakayefutwa kwa sababu mtu wake ameuawa. Wala wewe hutafutwa tena. Utabaki kwenye mstari wako, umefariki, wa nyumba ya Mama.

Mdogo wako,
Zaina