Injini Iliyoota Namba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: madai kwamba injini ya gari imeibwa na kuwekwa nyingine

Jina: afande ameliandika kutoka kwenye kitambulisho changu. Mtaani naitwa Hamira, kwa kuwa nilianza mwembamba nikaumuka.
Umri: miaka hamsini na moja.
Kazi: mwoka mikate.
Makazi: nyumba ya geti la bluu, nyuma ya duka la vifaa vya shule.

Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote isipokuwa mke wangu, naomba kuitangazia serikali habari ifuatayo: injini imeoshwa. Haikuibwa, haikubadilishwa. Imeoshwa kwa sabuni ya vyombo, brashi na mswaki wangu wa zamani, na aliyeiosha ni mimi.

Afande ameniambia nianze mwanzo, na utani niuache nje. Nitajitahidi.

Gari linalohusika ni la baba mkwe wangu. Yeye ni mstaafu. Miaka yake yote ya kazi alipima malori kwenye mizani ya barabara kuu, akidanganywa na madereva kutwa kucha, kwa hiyo hata leo ukimwamkia anakutazama kwanza kama hujazidisha mzigo. Gari hulilaza uani kwetu, maana kwake hakuna geti. Mimi naruhusiwa kulitazama. Siku niliyokwenda kuposa alinishika viganja, akavigeuza, akamwambia mkewe, "Huyu hana mikono. Ana unga." Nimeishi na maneno hayo kwa amani, lakini sijayasahau.

Mnamo tarehe 12 mwezi huu, siku ya Jumanne, baba mkwe alisafiri kwenda kumwona dada yake, akaacha gari kwetu. Kesho yake alfajiri, kabla sijaenda kazini, mke wangu aliniambia, "Gari la baba linanuka mafuta yanayoungua. Siku moja litamwakia njiani." Nikafungua boneti. Injini sikuiona. Niliona grisi, vumbi na majani makavu vimeshikana, mfano wa sufuria ambalo kila mtu nyumbani anasema leo si zamu yake.

Asubuhi hiyo fundi magari wa mtaani kwetu, anayeitwa Spana, alikuja dukani kuchukua mkate wake kama kawaida. Nilimwuliza jinsi ya kuosha injini nyumbani. Nilimwambia kuna mtu mwingine anataka kujua.

Alisema, "Mwambie huyo mtu mwingine asiimwagie maji ikiwa ya moto, ataipasua. Achomoe waya wa hasi wa betri. Vitu vya umeme avifunge mifuko ya nailoni, na ule mdomo wa kuvutia hewa pia. Maji yatoke kwa upole, asipige kama anazima moto. Na ahesabu mifuko, Hamira. Aliyofunga ndiyo atakayofungua."

Nikasema, "Nitamfikishia."

"Mfikishie. Na avae glovu, tusije tukala mkate wa grisi."

Siku ya Alhamisi, tarehe 14, nilitoka kazini saa nne asubuhi. Gari lilikuwa limepoa, halikuwashwa tangu Jumanne. Nilivaa glovu na miwani ya kusomea. Nikatoa majani kwa mkono, nikachomoa waya wa betri, kisha nikafunga mifuko, nayo ilikuwa mifuko ya mkate ya duka langu, ile yenye picha ya shada la ngano. Nilifunga mitano: altaneta, koili, boksi la fyuzi, betri yenyewe na mdomo wa hewa. Nikakaza kwa mipira ya kufungia. Chini niliweka beseni na matambara ili grisi isiende kwenye mtaro wa jirani. Nikapaka sabuni, nikasubiri kidogo, nikasugua. Kwa kweli nilifurahi. Unga ukiukanda unapotea ndani ya tanuri, lakini injini ukiisugua inakujia. Kizibo cha mafuta kilitokea, nikakuta hakijakazwa, na mafuta yalikuwa yakichuruzika hapo mpaka kwenye bomba la moshi. Nikakikaza. Hiyo ndiyo harufu aliyoisikia mke wangu. Baadaye, ubavuni, pale penye grisi ya unene wa kidole, ikatokea namba.

Nilisuuza kwa mpira wa maji, polepole, nikakausha kwa matambara. Nikatoa mifuko nikaitupia kwenye ndoo. Nikahesabu ndani ya ndoo: mitano. Boneti niliiacha wazi juani mpaka jioni, ndipo nikarudisha waya wa betri.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16, baba mkwe alirudi. Nilisimama uani nikimsubiri afungue boneti ashangae. Hakufungua. Alipiga teke kila tairi, akachungulia kipimo cha mafuta kuona kama nimepunguza, akaondoka. Gari lilitoka getini likipumua kwa shida. Alilipeleka moja kwa moja kwa Spana, akaliacha huko mpaka Jumatatu, kwa kuwa Jumapili gereji haifunguliwi.

Leo Jumatatu, saa tatu asubuhi, mke wangu alinipigia simu dukani.

"Baba ameibiwa injini."

"Kwenye gari?"

"Kwani nyingine zinakaa wapi? Anasema Spana amemwekea ya watu. Wako kituoni." Kisha akasema, "Baba watoto."

"Naam."

"Halafu Spana ameagiza umpelekee mkate. Amesema usiutie mfukoni. Uwe hivihivi tu, bila mfuko."

Nilikaa juu ya gunia la unga. Mke wangu alisema, "Nenda sasa hivi, kabla sijaja mimi."

Njiani nilipita gereji. Mteja mmoja alikwisha kuja kuchukua gari lake, na kwa kuwa lilikuwa halijapona, alikuwa akilisukuma kwa mkono. Aliniambia, "Afadhali nisukume. Huyu jamaa kumbe anahamisha injini." Spana ameijenga gereji hiyo tangu ikiwa jeki moja na turubai. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata mbio.

Yaliyotokea gereji sikuyashuhudia. Wenyewe wameyasimulia hapa mbele ya afande, na hawapingani. Spana alifungua kisafisha hewa akakuta mfuko. Baba mkwe akafika, akaona boneti iko wazi.

"Injini yangu iko wapi?"

"Si hii, mzee."

"Yangu ilikuwa nyeusi."

"Ilikuwa chafu, mzee."

"Yangu haikuwa na namba."

"Kila injini ina namba."

"Yangu haikuwa nayo! Nimekaa nayo miaka ishirini na mbili, ningeiona."

Spana akainua ule mfuko amwonyeshe kilichokuwa kikilikohoza gari. Baba mkwe akasema, "Alaa! Na mkate ulikuwa unakula, huku unaniibia."

Niliingia kituoni na mkate kwapani. Spana alikuwa kwenye benchi, akasogea kunipa nafasi. "Karibu, mtu mwingine," alisema.

Nilimwuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakunitaja. Alijibu, "Mambo ya mtu na mkwewe mimi siingizi spana. Nilijua ukisikia habari ya mfuko utakuja."

Baba mkwe akasema, "Umefanya vizuri, mkwe, kuja kunishuhudia."

Nikasema, "Baba, nimekuja kumshuhudia Spana."

Nikaeleza yote kama nilivyoeleza hapa. Baba mkwe aliomba tu kuiona mikono yangu, nikampa. Chini ya kucha bado kuna grisi kidogo iliyopenya glovu, haijatoka licha ya kukanda kote.

Sasa jambo la mwisho, kwa kuwa afande ameuliza kama nimesema yote. Sijasema yote. Mfuko mmoja ulichanika kabla sijaufunga, nikautupa kwenye ndoo ileile. Kwa hiyo mitano niliyoihesabu ilikuwa minne na mmoja usiohusika, na wa tano ulibaki kwenye mdomo wa hewa. Hilo ni kosa la hesabu. Lakini Alhamisi jioni niliwasha gari nikalisikia likikohoa, nikajiambia ni maji yanakauka. Jumamosi nililisikia tena likitoka getini. Ningeweza kupiga kelele, "Baba, simama!" Sikupiga. Nilitaka aione injini inang'aa kwanza, anisifu, ndipo tuzungumze habari ya kikohozi. Kwa ajili ya sifa hiyo Spana amekaa kwenye benchi hili asubuhi nzima. Ndivyo ilivyokuwa.

Haya nimeyasema mwenyewe, nimesomewa, na nimeyakubali isipokuwa pale afande alipoandika kwamba mimi ni mnene. Nimeomba pasahihishwe, amekataa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa, karatasi ina alama ya unga)

MAELEZO YA MPOKEAJI
Shahidi amesomewa maelezo yake kwa lugha anayoielewa. Namba ya injini imelinganishwa na kadi ya gari, ni ileile. Fundi hana kosa na ameruhusiwa kwenda. Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake, na amekubali kwamba yeye na shahidi watamfuata yule mteja, wamweleze, kisha walisukume gari lake wao wenyewe kulirudisha gereji, mchana, watu wakiona. Mfuko mmoja wa mkate umerudishwa kwa mwenyewe.

Mlalamikaji aliulizwa kama ana la kuongeza. Alisema, "Andika kwamba mkwe wangu mikono anayo. Hesabu ndiyo hana."