Chumba Chenye Kuta Tatu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mama yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua na usingizi umenikimbia. Dada yako naye hajambo, anakusalimu, ingawa hakunituma nikusalimu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na ukinikatiza nasahau nilipofika. Uliniuliza kama mkeo na Kifaranga wamepita kwangu. Ulisema ulikuwa ugomvi mdogo tu, akabeba mtoto akaondoka, na siku ukimpata atakutambua. Nitakujibu, baba. Ila soma polepole, usiruke mistari ya mama yako.

Kwanza habari za dada yako. Ile kazi yake ya filamu, ambayo wewe unaiita kazi ya kupanga makochi, safari hii ilikuwa filamu fupi ya mambo ya familia: baba, mama na watoto wawili ndani ya chumba kimoja. Chumba chote ni yeye anakitengeneza, toka ukuta mpaka kijiko. Alikuja kwangu na futi ya kamba akaniambia nisimame kama nilivyokuwa nasimama jikoni. Nikamuuliza jiko gani. Akasema unalijua, mama. Akanipima mkono mpaka ilipokuwa rafu, akapima toka kiti cha marehemu baba yenu mpaka mlangoni. Akaniomba na kikaango changu cha chuma. Nikampa, ningemnyimaje?

Nilipokwenda kukiona nilianza kwa kucheka. Kimejengwa ndani ya ghala, na kina kuta tatu tu. Upande wa mbele uko wazi ili kamera ione. Nikawaambia nyumba gani hii, mwizi hana hata haja ya kubisha. Fundi rangi akacheka mpaka akaweka brashi chini. Halafu nikaingia, na kicheko kikanikauka mdomoni. Kabati lile lile, mlango umebonyea pale kichwa changu kilipogongeshwa. Ukutani doa la chai aliyonirushia baba yenu ikiwa moto. Komeo la mlango juu kabisa, kule nisikofika. Na meza. Seremala alinilalamikia kwamba binti yangu amemchongesha alama za meno kwenye mguu wa meza, kwa ndani, mahali kamera haifiki, sasa kazi gani hiyo ya kupoteza muda? Nikazipapasa kwa vidole.

Wewe unazijua. Mlikuwa mnajificha wawili chini ya meza yetu, dada yako amekuziba masikio, nawe unang'ata mguu wa meza ili sauti isitoke.

Siku ya kupiga picha nilikwenda na mtoto mmoja niliyekuwa nakaa naye. Nitakwambia ni wa nani. Kijana wa kuigiza baba alikuwa na adabu zake, akaniamkia, akanivutia kiti. Walinionyesha sahani za plasta zinazovunjika bila kukata mtu, na damu ya chupa. Nikailamba, tamu kama sharubati. Wakanisisitizia kwamba yote ni maigizo, mama usishtuke. Nikawaambia mimi si mjinga.

Mwongozaji akasema, haya, anzeni. Kijana akaingia, wala hakupiga kelele. Alivua mkanda taratibu, akauning'iniza kwenye kiti. Hilo alifundishwa na dada yako, nani mwingine angelijua? Kisha sahani ukutani, moja, nyingine. Akamkamata nywele yule mwanamke aliyeigiza mama akambamiza kwenye kabati, tu, tu, tu. Kumbe mbao zilikuwa za kweli, na mlio ni ule ule. Sijui niliinukaje. Goti lilisahau kuuma. Niliingilia pale pasipo na ukuta, nikachukua kikaango jikoni nikampiga nacho cha kichwa. Akapiga magoti. Nikampiga tena akiwa chini, na huku namwita kwa jina la baba yenu. Damu ikamshuka mpaka machoni, na hiyo haikuwa ya chupa. Yule mwanamke ndiye aliyenikumbatia kiunoni akinililia, mama muache, anaigiza tu, mama muache.

Yule kijana walimshona. Alirudi na kitambaa kichwani akawatania wenzake kwamba hata mama yake mzazi hakuwahi kumcharaza hivyo. Nilimshika mikono nikamwomba radhi mpaka akaona aibu yeye. Akasema wa kulaumiwa ni dada yako, amejenga vizuri kupita kiasi.

Lakini katika ile purukushani mtoto alikuwa hayupo. Watu wakatoka nje kumwita, wakatafuta nyuma ya mataa, kwenye gari la vyombo. Dada yako hakukimbia popote. Alipiga magoti, akainua kitambaa cha meza.

Ni Kifaranga wako, mwanangu. Hakuna aliyemwonyesha mahali pale. Alikuwa amejikunja pale pale ulipokuwa unajikunja wewe, vidole masikioni. Aliponiona akasogea, akaninong'oneza: bibi, ingia, usilie, akisikia atatuvuta miguu.

Niliingia na goti langu hivyo hivyo. Alikuwa anatia kidole kwenye zile alama, akataka kujua nani aliyeng'ata. Nikamwambia ni baba yako, alipokuwa mdogo kama wewe. Kisha akaniuliza kama na wewe ulikuwa unavutwa miguu.

Basi jibu lako ni hili. Uliponipigia simu, Kifaranga alikuwa mapajani kwangu, na mkeo alikuwa kitandani kwangu taya limevunjika, namlisha maziwa kwa kijiko. Nikakwambia sijawaona. Nilikudanganya, na ungenipigia leo ningekudanganya tena. Sasa hawapo kwangu, usijisumbue kuvunja mlango. Dada yako hajui walipo, usimfuate. Ninayejua ni mimi peke yangu, na mimi nilishapigwa na aliyekuzaa, hutanifundisha kitu kipya.

Tulikwenda polisi. Mkeo hakuweza kusema kwa lile taya, ikabidi niseme mimi: uso wake ulivyokuwa alipofika kwangu, na maneno ya mtoto chini ya meza. Yule askari aliniuliza mara mbili kama naelewa kwamba anayeshtakiwa ni mwanangu. Nikamjibu naelewa, baba, mimi ndiye niliyemzaa. Akanipa kalamu.

Watakuita. Nenda, usikimbie. Mimi nitakuja nikae mahali utakaponiona, na chakula nitakuletea. Ile meza dada yako amewaomba wamwachie, iko jikoni kwangu. Siku ukiruhusiwa kuja, tutakaa wote.

Vaa sweta asubuhi, kifua chako nakijua. Nisalimie majirani zako, hasa yule aliyemfungulia mkeo mlango.

Sahihi iliyo hapa chini ni ile ile niliyotia polisi. Nimeiandika kwa mkono wangu, usije ukaambiwa mama yako alilazimishwa.

Akupendaye,

Mama yako mzazi