Uzi Mweusi Ulioufunga, Salum

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye rehema isiyokoma, ambaye aliye juu ya ardhi na aliye chini yake kwake ni sawa, kwani wote wawili anawaona.

Ndugu yangu Salum, amani iwe juu yako na juu ya majirani zako wa makaburini. Nakusalimu kwa salamu tulizofundishwa kuwapa waliotutangulia, nami nakiri kwamba nilipaswa kuja mapema zaidi. Hali yangu ni ya mtu mzima: magoti yanauma, macho yanapungua, na usingizi umenihama tangu mavuno haya yaanze. Najua kwamba marehemu hasomi barua. Lakini ulimi wangu ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema, na sasa mkono umeshika zamu yake.

Tangu uondoke, mji umebadilika. Kwa vile biashara imeachiwa huru, fyuzi ulizokuwa ukizing'oa kwenye magari mabovu sasa zimepangwa dukani kwa rangi zake kama peremende. Kila mara linaingia gari jingine lililokwisha kutumika ng'ambo, na mafundi wa sasa hawafuati waya. Wanang'oa na kubadilisha. Kibanda chako bado kimefungwa. Hakuna aliyetaka kukipanga, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Unaikumbuka pikapu ya Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa mahindi. Mwaka ule ilikuwa ikitoka Kondoa na shehena, na kila ilipofika korongo lile lililo baada ya Chemba, injini ilizimika. Ikienda tupu ilipita salama. Juma, dereva wake, alibadilisha fyuzi nayo ikaungua, akabadilisha tena ikaungua, mwishowe akaifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, jambo ulilolichukia kuliko yote. Ulimwambia kwamba amemziba mdomo mlinzi wa nyumba. Wakati huo makuli walikwisha kuanza kusema kwamba korongo lina mwenyewe.

Siku tatu ulilala chini ya gari lile juu ya mkeka uliochakaa, nami nikikaa kwenye benchi lako kati ya Adhuhuri na Alasiri, kama ilivyokuwa desturi yetu. Ulikuwa na njia yako ambayo sikuiona kwa fundi mwingine. Waya uliokwisha kuupima ukauona mzima uliufunga uzi mweupe, ule anaoshonea kofia Bi Zaituni, mkeo. Waya uliokutia shaka uliufunga uzi mweusi. Nilikutania kwamba unazifungisha nyaya ndoa. Ulinijibu ukiwa bado chini, bisibisi mdomoni, "Maalim, wewe unaweka alama kwenye juzuu pale ulipoishia. Nami nimeishia hapa."

Siku ya tatu ulitoka chini ya gari, ukafuta mikono, ukangoja wapita njia waishe. Kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, kile kipaza sauti cha Maulidi, nani alikifunga?"

Jibu nilikuwa nalo, Salum. Nilikuwa nimeazima pikapu ile ili tuzunguke mjini kutangaza Maulidi. Wewe ulikuwa umesafiri kwenda Singida kumwuguza shangazi yako, nami sikutaka kungoja. Nikamwita mtengeneza redio, akaunga waya wake alipopenda. Maulidi yalipokwisha kipaza sauti kilishushwa, waya ukabaki humo humo. Niliona haya kwamba nilikupita wewe, rafiki yangu, nikaenda kwa mwingine. Kwa hiyo nikakujibu kwa ukali kwamba hilo halihusiani na ugonjwa wa gari.

Ulinitazama, ukainamisha macho, ukasema, "Sawa, Maalim." Hukuuliza tena mpaka unaingia kaburini.

Alasiri ile ile Mzee Hamisi alinijia kutaka kisomo. Ningemwambia angoje fundi amalize. Lakini nafsi yangu ilifurahi kuitwa, na nikamwambia alilete gari sasa hivi, kwanza likiwa limepakuliwa na kuoshwa, kwa kuwa maneno matukufu yana adabu zake. Ulimwomba akupe hadi kesho. Akakujibu mbele ya watu kwamba siku tatu zinatosha, na kwamba unatafuta kitu kisichokuwa na waya. Watu wakacheka. Nami nilikuwepo.

Nikasoma. Gari likaenda Kondoa likarudi, wala halikuzimika. Kile ambacho hakuna aliyekisema, nami nikiwemo, ni kwamba msimu ulikuwa umekwisha, na lilirudi na kuku na abiria wawili tu. Mimi nikaombewa umri mrefu. Wewe ukaulizwa sokoni, "Fundi, umeshindwa na jini?" Ulicheka pamoja nao, ukasema hata jini lina fundi wake. Gari hukupewa tena, na wenye magari mengine nao wakaanza kukupita.

Homa ikakuchukua kabla mvua za kilimo hazijakatika. Hapo maneno yakageuka. Walisema jini limemchukua aliyechokora kiota chake. Niliyasikia siku tulipokuosha, na vidole vyako vikiwa bado na alama za moto wa nyaya. Niliyasikia tena kwenye hitima ya siku ya tatu. Mtu ambaye wangemwamini kama angesema si kweli alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nikila wali. Tangu siku ile hakuna aliyegusa sanduku lako la zana. Hata kofia za Bi Zaituni ziliwakalia watu vibaya vichwani, wakaacha kuziagiza, kwa kuwa uzi wake umetoka katika nyumba ile.

Mavuno ya mwaka huu, pikapu ikajaa magunia, na korongo lile lile likaizimisha. Mzee Hamisi alirudi kwangu, akaniinamia sikioni akasema, "Maalim, marehemu amelishika gari. Msomee akae mbali nalo." Nikufukuze wewe, Salum. Toka hapo sikuweza kusimama kwenye sala bila kukusikia nyuma ya bega langu la kushoto ukiuliza, kwa sauti ile ile ya chini, nani alikifunga. Nilitoa salamu upande huo nikiogopa kutazama.

Nikamwambia alilete kwako, mbele ya kibanda, likiwa na mzigo wake. Nilikwenda kwa Bi Zaituni kuomba sanduku. Alinipa bila kuuliza neno.

Juma alifungua kifuniko chini ya usukani, na uzi mweupe wa kwanza ukanitazama. Ulikuwa umeingia vumbi, lakini fundo lilikuwa ni lako. Nikapitisha kidole hadi wa pili, na wa tatu. Ilikuwa kama kuingia katika nyumba yenye giza ambayo mwenyeji wake ametangulia akiacha kila mlango wazi. Uzi baada ya uzi, mkono wangu ukawa unapita pale mkono wako ulipopita, hata nikahisi joto ambalo akili inajua kwamba halikuwepo. Tukafika kwenye waya wa umeme unaofungua njia ya dizeli kuingia kwenye injini. Hapo ulikuwa umeungwa waya mwingine wa rangi ngeni, umezungushiwa kitambaa, ukishuka kuelekea nyuma chini ya bodi. Ndipo penye uzi mweusi. Fundo moja lililorudiwa, safi. Niliketi chini kwenye mchanga, na Juma akadhani nimeishiwa pumzi.

Nikafanya kama nilivyokuona ukifanya. Nilitoa fyuzi, nikaweka taa yako ndogo ya kupimia mahali pake, nikamwambia Juma afungue swichi. Taa ikawaka hafifu, kama inavyopaswa. Kisha nikawaomba makuli walitikise bodi na shehena yake, jinsi korongo linavyolitikisa. Waliponyanyua na kuachia, taa ikawaka kwa nguvu, dalili ya umeme unaovuja, hadi Mzee Hamisi akarudi nyuma. Nikachukua koleo lako, nikaukata waya ule penye uzi mweusi. Taa ikafifia. Wakatikisa mpaka jasho likawatoka, nayo haikubadilika. Tulipopakua, tukauona waya umelala juu ya chuma, ngozi yake imelika kiasi cha punje ya mchele. Gari tupu halikuugusa. Gari lililojaa liliukandamiza, fyuzi ikaungua, dizeli ikakatika. Hapakuwa na kingine.

Kwa hiyo ulikwisha kujua. Uliufunga uzi kwanza, ndipo ukaja kuniuliza. Neno moja kwa Mzee Hamisi, kwamba waya ni wa Maalim, lingeliokoa jina lako. Uliniachia mimi nafasi ya kulisema, nami nikaitumia nafasi ile kukufukia.

Ijumaa nilisimama baada ya sala, nikaeleza yote: Maulidi, mtengeneza redio, swali lako, na jibu langu. Baadhi ya wazee hawakupendezwa. Waliona ingetosha kusema kwamba kasoro imepatikana. Mzee Hamisi alikwenda kwa Bi Zaituni akamwomba radhi, akaagiza kofia mbili. Mimi nilikwenda wa mwisho. Nilipomaliza kusimulia habari ya uzi, hakuinua macho kwenye sindano yake. Alisema, "Alinieleza siku ile ile. Akaniambia nisimwambie mtu, Maalim atakuja mwenyewe. Nimekungoja, Maalim."

Hakuwa na hasira. Ningeibeba hasira kwa urahisi zaidi.

Miaka arobaini nimefundisha kwamba Mola husamehe haki yake, lakini haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe. Wanafunzi wangu huuliza, je, akiwa amekufa? Nilikuwa na jibu la kitabuni, na sasa halinitoshi. Nakuomba hapa, ndugu yangu, nami nitangoja jibu lako siku tutakayosimamishwa pamoja.

Ahadi yangu ni hii. Nikiitwa kusoma juu ya kitu chochote, nitauliza kwanza kama fundi amemaliza kazi yake, na mimi mwenyewe mkono wangu ulipita wapi. Uzi mweusi nimeufunga kwenye tasbihi yangu. Kila mzunguko kidole kinaukuta, na kinasimama.

Kwaheri, Salum. Mola akupanulie mahali ulipo, akutie nuru isiyohitaji waya wala betri. Ambariki Bi Zaituni, sindano yake na mlango wake. Barua hii naiweka ndani ya sanduku la zana zako; atakayeifungua na kuisoma, Mola amlinde yeye na watu wa nyumba yake wote na ulimi unaochelewa. Amin.