Nguo za Akanni

We Dunni, hutaamini yaliyomkuta Abeke leo!

Unakumbuka macho ya mwanawe mchanga Akanni yalivyogeuka manjano? Weupe wote, kama kiini cha yai! Mama mkwe akasema, "Jua tu litamponya. Baba yake nilimwanika hivi hivi, na mtazame alivyo jibaba!" Wakawa wanamwanika kila asubuhi. Walipomfikisha hospitali, hata kubadilishwa damu hakukumwokoa.

Daktari alimwambia Abeke peke yake: Akanni alizaliwa na damu isiyovumilia vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Na nguo zake zote zilinuka vidonge hivyo!

Nguo za utotoni za baba yake, Dunni. Bibi yake alizitunza sandukuni miaka yote hiyo. Kwa mapenzi!

Sasa leo Abeke kamkuta mama mkwe anazikunja zile nguo, machozi yanamtiririka, anapachika vidonge katikati. Vipya! VIPYA, Dunni!

"Nyamaza, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Namwekea mdogo wake atakayezaliwa."

Abeke kachukua kikofia, kamsaidia kukunja.

Ungekuwa wewe, ungemwambia?