Kengele za Moshi Zilizokuwa Tupu

Mama,

Shikamoo. Sijakuandikia tangu tulipokuzika kwa sababu kila nikishika kalamu, hasira inanitangulia. Leo nitasema hivyo hivyo.

Unakumbuka ulipopewa ile nyumba ya serikali ya wastaafu, Zinga? Ulinionyesha kengele ya moshi, kidude cheupe darini, ukasema, "Hiki kikisikia moshi kinapiga kelele. Wametufikiria wazee." Ukawa unakipangusa vumbi kwa ufagio.

Moto ulianzia kwenye waya wa friji, mchana, ukiwa umejilaza baada ya sala ya adhuhuri. Haukufika chumbani kwako. Moshi ndio uliofika. Kengele haikulia. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, kaka Hamidu alipanda juu ya kiti akaifungua. Ndani hamna kitu, Mama. Hakuna betri, hakuna waya, ganda tu la plastiki. Tukafungua ya jirani yako, Bi Mwanaidi. Vile vile. Nyumba zote.

Meneja wa nyumba alikuja matangani. Akala pilau yetu, akajifuta mdomo, akaniambia, "Ni kazi ya Mungu, dada." Niliona punje za wali kwenye meno yake, nikamwacha hapo nikatoka nje.

Halafu tukatangaziwa kwamba mkubwa fulani anakuja kukagua. Wakapaka kuta rangi, wakabandika kengele mpya zinazong'aa. Wageni walipoingia kwa Bi Mwanaidi, nilikuwa nimeshawasha chetezo chako, udi na ubani tele. Nikakiinua hadi darini. Chumba kikajaa moshi, wageni wakakohoa, kengele kimya.

Meneja akasema, "Mtoeni huyu."

Bi Mwanaidi akamjibu, "Hapa ni kwangu. Hatoki."

Yule mkubwa akaagiza ifunguliwe. Tupu.

Sasa wamefunga za kweli. Zinalia hata Bi Mwanaidi akikaanga samaki, naye analalamika huku anacheka. Meneja hakushtakiwa. Amehamishiwa ofisi nyingine, nzuri kuliko ile. Hilo linanichafua roho kuliko yote.

Nasikia wanajenga nyumba nyingine za wazee upande wa Mbegani, na mkandarasi ni yule yule aliyejenga zenu. Nakuahidi, siku ya kukabidhi funguo nitakuwepo. Hakuna mzee atakayeingiza godoro ndani kabla hatujafungua kengele zote tukaona zilivyo ndani.

Pumzika, Mama. Mungu alitie nuru kaburi lako.

Mwanao,
Zuhura